Chupa Tano Ndani ya Chungu

Tarehe 2 Machi

Dada yangu, shikamoo.

Usishtuke kuona barua ya karatasi. Mnara wa simu wa huku umekosa mafuta ya jenereta tangu Jumatano, na nasikia wa kwenu nao hauna hali. Dereva wa lori la maziwa la hapa kiwandani anapita mtaani kwenu kila baada ya siku chache. Nimemwomba akuletee hadi kwenye cherehani yako. Ukijibu, mpe yeye.

Dada, wiki nzima roho yangu haijatulia. Unajua kazi yangu ni vyumba vya baridi. Umeme ukikatika wenzangu wanawasha taa na kuendelea na maongezi, mimi ndiye ninayebaki mbele ya mlango wa chuma nikitazama digrii zinavyopanda. Sasa zinapanda kila siku. Wakubwa wanasema ni tatizo la muda, na wanasema hivyo huku wakihamisha familia zao. Kwa hiyo jitayarisheni kabla mtaa mzima haujaamka.

Mahindi nunueni wiki hii. Muuzaji ataapa kwamba yamekauka, wewe yaanike tena siku tatu. Punje ukiiuma ipasuke kwa mlio, ikibonyea bado. Yatieni kwenye pipa la bati lenye kifuniko kinachobana, wekeni mshumaa uliowashwa juu ya mahindi ndani ya kisahani, mfunike, uzimike wenyewe. Wadudu hawatapata hewa. Maji jazeni madumu kumi, kila dumu liandikwe tarehe, na ya zamani yatumike kwanza.

Sasa jambo la pili, nalo ndilo linaloninyima usingizi: dawa ya sukari ya mama. Friji yenu ikizimika, ile dawa haikai kama mahindi. Kila siku inayokaa kwenye joto inapungua nguvu, hata kama chupa imejaa. Niandikie zimebaki chupa ngapi.

Mimi sijambo. Kazi ni nyingi.

Mdogo wako,
Fundi Baridi

*

Tarehe 12 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Kurasa mbili za amri, halafu salamu za mama hamna. Hata hivyo nimekusamehe, maana umeme umekatika siku iyo hiyo barua ilipofika na haujarudi hadi leo.

Nilimsomea mama. Nilipofika kwenye pipa na mshumaa alikuwa ameshasimama, amevaa miwani, anatafuta kalamu. Nikamwambia ukurasa wa pili bado, akasema, "Ghala nimetunza miaka ishirini na sita, mwanangu atanifundisha nini?" Unamjua Bi Funguo. Miaka minne tangu astaafu hakuwa na kitu cha kutunza zaidi ya mimi, na mimi sipangiki kwenye rafu. Sasa kapata stoo. Kafagia, kapaka chokaa, katengeneza rafu kwa mbao za kitanda chako cha zamani. Usiulize utalala wapi.

Tuna pipa moja la mahindi, nusu gunia la maharage, chumvi, sabuni miche ishirini, viberiti, madumu kumi kama ulivyoamuru. Kila kitu kina kikaratasi cha tarehe. Nimezuiwa kuchukua sabuni bila kumwambia.

Dawa zimebaki chupa sita ambazo hazijafunguliwa, na leo ndiyo anaanza ya kwanza. Muuguzi wa zahanati, yule jirani yetu wa ukuta mmoja, anasema chupa moja kwa mama ni mwezi mmoja, na kwamba huko zahanati hazijaletwa nyingine na hajui zitaletwa lini. Friji imekuwa kabati tu. Tuziweke wapi?

Wako,
Dada

*

Tarehe 20 Machi

Dada, shikamoo.

Tafuta vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine na kubaki nafasi ya vidole vitatu pande zote. Nafasi hiyo jaza mchanga. Mwagia mchanga maji asubuhi na jioni. Dawa ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, iweke kwenye chungu cha ndani, funika kwa kitambaa kilicholowa maji. Viweke penye upepo na kivuli. Kile kidirisha cha wavu cha stoo kinatosha kabisa.

Si friji, nisikudanganye. Lakini ni afadhali mara nyingi kuliko rafuni. Ninakutumia kipimajoto. Kiweke ndani ya chungu usiku kucha, kisha uniandikie kimesoma ngapi.

Aliyekuletea barua hii ni dereva wa lori la saruji, ni mtu wangu. Lori la maziwa linafanyiwa matengenezo. Kazini wazima, tuko mbio mbio.

Mdogo wako,
Fundi Baridi

*

Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Kipimajoto kimefika wiki iliyopita, hakina hata mkwaruzo mpya. Vyungu vinafanya kazi. Nje joto lilikuwa thelathini na mbili, ndani ya chungu ishirini na moja. Muuguzi alikuja kutazama, na kesho yake akawaomba wanawake watatu wa mtaani waje kutazama. Nimekuwa mwalimu bila kuhitimu.

Mama alikishika hicho kipimajoto muda mrefu. Akakigeuza, akakifuta kwa kanga yake, akakigeuza tena. Akaniuliza, "Kaandika nini kuhusu kazi?" Nikamsomea: mko mbio mbio. Akasema, "Haya." Akaenda stoo, na jioni nikaona mlango una kufuli. Nilipouliza akanijibu kwamba stoo ina mtunzaji mmoja na ufunguo ni mmoja, kama kazini. Hata maji ya mchanga anamwagia mwenyewe sasa. Dawa pia anachomea humo humo, amejifungia, eti mwanga wa kidirisha unamfaa macho.

Mimi sina neno, afadhali ana shughuli. Lakini mbona barua yako imeandikwa nyuma ya kalenda? Kiwanda kizima karatasi zimeisha?

Wako,
Dada

*

Tarehe 14 Aprili

Dada, shikamoo.

Karatasi ni za ofisini, na mimi si wa ofisini.

Nakuandikia nimesimama, maana nikikaa naanza kuhesabu. Mkaa wenu utakwisha kabla ya mwezi wa sita mkipika maharage kwa moto mwanzo hadi mwisho. Wewe una gunia la vipande vya vitambaa chini ya cherehani. Chukua kapu kubwa, lijaze vipande hivyo pembeni na chini, ushone na mto wa kufunika juu. Maharage yachemshe dakika ishirini tu, yakiwa yanatokota yaingize na sufuria yake kwenye kapu, funika, nenda kashone. Baada ya saa tano ukirudi yatakuwa yameiva. Kabla ya kula yachemshe tena kidogo.

Na mboga pandeni kwenye magunia, yatoboeni ubavuni, miche itoke kila tundu. Maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe.

Mama anaendeleaje? Mbona huandiki chochote juu yake isipokuwa kufuli?

Mdogo wako,
Fundi Baridi

*

Tarehe 3 Mei

Mdogo wangu, marahaba.

Kapu limeniokoa. Sasa maharage yanaiva huku nikishona. Mteja mmoja aliliona akadhani nimeficha paka.

Ushonaji wenyewe umegeuka. Hakuna anayeshona nguo mpya, wote wanageuza kola, wanaongeza viraka, wanabana. Mama naye ni mteja wangu. Nimembania gauni lake la kijani kiunoni, vidole viwili kila upande. Nikamtania kwamba anarudia usichana. Akaniambia kazi ya stoo ni mazoezi tosha.

Nikuambie ukweli, tumegombana. Mimi ndiye ninayebeba maji kutoka kisimani, ndoo mbili kila asubuhi, na yeye anayanywa kama anayamwaga. Dumu la lita ishirini ambalo ni la siku nne linakwisha siku mbili. Anaamka na kikombe na analala na kikombe. Nilimwambia kwa hasira, "Mama, wewe ndiye uliyetuwekea kipimo, na wewe ndiye unayekivunja." Tangu siku hiyo anakunywa nikiwa nimetoka. Naona aibu kukuandikia haya, lakini na mimi nimechoka.

Ulisema roho yako haijatulia. Ya kwangu nayo imeanza, na sijui sababu.

Wako,
Dada

*

Tarehe 15 Mei

Dada, shikamoo.

Usigombane naye kwa ajili ya maji. Huko kwenu joto halijaisha, na stoo mlango ukifungwa haina hewa ya kutosha, mtu anayefanya kazi humo lazima aone kiu. Mwambie apumzike mchana.

Kuhusu kukonda, nadhani namjua mama. Anakuachia wewe chakula. Tulipokuwa wadogo alikuwa anasema amekula kazini, unakumbuka? Kaa naye, mtazame akila hadi mwisho. Nimekutumia maharage kwenye huu mfuko, ni mazuri, mimi yananisumbua tumbo. Na blanketi, huku hakuna baridi.

Niandikie orodha yote ya stoo, kitu kimoja kimoja. Nikiwa nayo mkononi labda nitalala.

Mdogo wako,
Fundi Baridi

*

Tarehe 4 Juni

Mdogo wangu, marahaba.

Mimi maharage yako nimeyapokea kwa mikono miwili, ila mama aliuona mfuko akasema, "Huyu naye."

Nimemtazama akila. Anakula, tena vizuri kuliko mimi, na bado gauni la kijani nimelibana mara ya pili. Sasa nimefika kwenye pindo, hakuna kitambaa cha kubana tena. Anachoka haraka. Juzi alisoma tarehe ya dumu kimakosa, akaona tatu mahali pa nane, akakasirikia miwani. Kiatu kimemchubua kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto, kidonda hakitaki kufunga. Nakiosha kwa maji ya chumvi.

Orodha uliyoomba amenisomea mwenyewe kutoka mlangoni, mimi nikaandika nikiwa nje kama karani wake. Alikuwa na furaha, akisoma kwa ile sauti yake ya kazini:

Mahindi, robo tatu ya pipa. Maharage, debe moja na nusu. Chumvi, pakiti nane. Sabuni, miche kumi na mbili. Viberiti, pakiti mbili. Mkaa, gunia moja. Maji, madumu saba. Dawa, chupa tano hazijafunguliwa.

Akasema, "Mwandikie alale. Stoo ya mama yake haijatetereka."

Wako,
Dada

*

Tarehe 12 Juni

Dada,

Salamu baadaye. Barua hii nimeinakili mara mbili na kuwapa madereva wawili tofauti, ili mmoja akichelewa mwingine afike.

Uliniandikia mwezi wa tatu kwamba chupa zilikuwa sita na kwamba kila moja ni mwezi mmoja. Leo ni miezi mitatu. Zilipaswa kubaki tatu. Wewe umeniandikia tano. Katika miezi mitatu mama amefungua chupa moja.

Mama hachomi dawa yake, Dada. Anaitunza.

Kiu, gauni, macho, kidonda kisichofunga. Umeniandikia yote hayo kwa mkono wako, na mimi nikakujibu habari za hewa ya stoo. Nimesoma barua zako zote tena, nimezipanga sakafuni, nimezizunguka kama mwendawazimu. Jibu lilikuwa limelala hapo tangu Mei.

Usimwulize, atakukwepa. Mwite muuguzi, fungueni stoo, mchomeni dawa leo hii. Kama hammsikii akijibu vizuri au anapumua kwa shida, mpelekeni zahanati bila kubishana naye.

Na kwa kuwa tumefika hapa, nami niseme. Kiwanda kilifungwa tarehe tisa Machi. Mashine zimezimwa, vyumba vya baridi viko wazi, ndege wanaingia na kutoka. Kota za wafanyakazi tulinyang'anywa mwezi wa nne. Nalala kwenye kibanda cha mlinzi, ni rafiki yangu. Sikutaka mbebe na mzigo wangu. Nitakuja nikipata cha kuja nacho, siwezi kuingia mikono mitupu kwenye nyumba inayojinyima.

Nijibu haraka. Sili, silali, natembea tu kutoka getini hadi barabarani kusikiliza malori.

Fundi Baridi

*

Tarehe 21 Juni

Mdogo wangu,

Mama yuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua unavyosoma.

Barua yako ilifika tarehe kumi na saba mchana, mikononi mwa dereva wa saruji. Niliisoma nimesimama karibu na cherehani, na mteja alikuwa ananiuliza kuhusu vifungo. Nikamwacha hapo hapo. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma. Nikamwomba ufunguo, akaniuliza, "Wewe ni mkaguzi wa wapi?" Ulimi wake ulikuwa mzito. Nikamwambia, "Mama, nipe ufunguo." Akaushika kifuani kwa mikono miwili. Mimi kupigana na mama yangu sikuweza. Nikachukua mkasi wangu wa kukatia vitambaa, nikang'oa misumari ya pete ya kufuli mmoja mmoja, na yeye amekaa pale akinitazama. Hakunizuia. Nadhani hakuwa na nguvu za kusimama.

Ndani nilikuta chupa tano zimepangwa kwenye chungu, safi, maandishi yote yanatazama mbele. Kipimajoto chako kimelazwa juu yake kwenye kitambaa. Nilikaa juu ya pipa la mahindi nikalia.

Muuguzi alikuja na kile kifaa cha kupimia. Alipomtoboa kidole, kifaa hakikutoa namba, kiliandika tu kwamba sukari imezidi kipimo. Mama alilazwa zahanati siku tatu, akitundikiwa maji ya mshipa. Alikuwa anachoma nusu dozi, tena siku moja ndiyo, siku moja siyo. Na hata hiyo nusu muuguzi anasema ilikuwa imepungua nguvu, chupa ikishafunguliwa haipaswi kupita mwezi. Mama alikuwa anaamini tarehe ya kwenye chupa, nayo inasema mwakani. Alitunza dawa kama anavyotunza sabuni.

Nina hasira, tena kubwa, na nusu yake ni juu yako. Unajua pale zahanati kuna nini? Kuna jokofu la sola, la chanjo, limekufa tangu Aprili. Wameandika barua kila mahali wakitafuta fundi. Nimepita mbele yake siku tatu nikipeleka uji, sikuwa na habari kwamba ninaye fundi amelala kwenye kibanda cha mlinzi. Ungesema ukweli mwezi wa tatu ungekuwa hapa, jokofu lingekuwa zima, dawa ingekuwa kwenye baridi, na mimi ningekuwa na mtu wa kubeba ndoo. Wewe na mama mmekuwa mnafichana, na mimi katikati nawasomea barua.

Nami sijatoka safi. Nilimnyima mama yangu maji. Hilo sijui nitaliweka wapi.

Dada

*

Tarehe 26 Juni

Mwanangu,

Naandika herufi kubwa kwa sababu macho bado yana ukungu. Usifikiri nimezeeka.

Dada yako ameniambia uliyoyaandika. Mimi sikuambiwa, nilijua tangu kipimajoto kilipofika. Nimefanya kazi ghalani miaka ishirini na sita. Fundi akienda likizo anarudisha spana, anarudisha taa, kipimajoto chake anaondoka nacho. Nilipokigeuza nikaona alama yako uliyoikwaruza kwa msumari siku ya kwanza ya kazi. Nikasema, huyu hana tena chumba cha kupima. Sikukuuliza. Mimi ningekuwa wewe nisingesema pia, na hiyo tabia umeitoa kwangu.

Basi nikapanga. Mtoto hana kazi, na dawa ikiniishia atauza hata kiatu aniletee. Nikaona chupa sita nizifikishe mwakani. Ulipotuma maharage na blanketi nikajua unalala njaa na baridi, nikapunguza tena.

Nilikosea. Muuguzi ameniambia hivyo mbele ya wagonjwa watatu, sikupenda, lakini nilikosea. Dada yako anasema uliandika kwamba dawa hii haikai kama mahindi, barua ya kwanza kabisa, ukurasa wa pili. Sikusubiri ukurasa wa pili.

Sasa nachoma dozi nzima, dada yako amesimama mlangoni. Ufunguo anao yeye. Juzi hospitalini wamekata kile kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto. Usilie, sikukitumia sana. Daktari anasema mguu utabaki. Dada yako nimemwambia habari ya maji iishe, hakunyima mtu, alifuata kipimo nilichoweka mimi. Hanisikii. Mwambie na wewe.

Chupa zimebaki nne na iliyofunguliwa. Zinakaa chunguni, na zinapungua nguvu kila siku, sasa najua. Zahanati wana jokofu wanataka fundi. Nimewaambia namjua mmoja, na kipimajoto chake ninacho mimi.

Unasema utakuja ukipata cha kuja nacho. Nyuma ya pipa la mahindi kuna debe dogo. Nililijaza mwezi wa tatu, nikaandika jina lako, sikulisoma kwenye ile orodha, na hajaligusa mtu. Kazini sikuwahi kuandika kwamba ghala limejaa wakati mwenye mali ana njaa. Nimefanya hivyo mara moja tu maishani na umeona lililonipata. Njoo ulifungue.

Usipokuja kwa lori hili la saruji, nitakuja mimi kukuchukua, na mguu huu.

Mama yako,
Bi Funguo

*

Tarehe 5 Julai

Mama, shikamoo. Dada, shikamoo.

Barua hii sijampa dereva. Naiandika nimekaa juu ya mifuko ya saruji, ndiyo maana mwandiko unarukaruka, na nitawapa mkononi. Nikifika najua sitaweza kusema, nitaanza kueleza habari za jokofu. Kwa hiyo nasema hapa.

Dada, maji si kosa lako. Mimi ndiye niliyekuandikia kwamba ni joto, na mimi ndiye niliyekuwa najua habari za dawa hiyo kukuzidi.

Mama, niliona haya. Niliondoka nyumbani nikiwa fundi na nilitaka kurudi fundi. Niliposoma habari ya kidole niliwaza kwamba nimekikata mimi, kwa barua tisini za uongo ambazo ni tatu tu lakini zinanitosha tisini. Dereva ameniuliza mara mbili kama ninaumwa.

Ulinifundisha kwamba orodha ya kweli huandikwa na mtu akiwa mbele ya rafu, si kwa kukumbuka. Rafu yangu ni mfuko huu mgongoni, nimeufungua, naandika ninachokiona:

Bisibisi, tatu. Spana, mbili. Waya wa shaba, mita nne. Chumvi, nusu kikombe. Shati, moja. Barua za Dada, zote. Barua ya Mama, moja. Chakula, hakuna. Njaa ipo, inatosha watu wawili.

Orodha hii ni sahihi. Naomba ikaguliwe.

Mwanao na mdogo wako,
Fundi Baridi

*

(Chini ya karatasi hiyo hiyo, kwa herufi kubwa.)

Imepokelewa tarehe 6 Julai, saa nne asubuhi, mlangoni.

Mtoto, mmoja. Uzito umepungua njiani. Hakuna kilichovunjika.

Debe limefunguliwa.

Bi Funguo